Mzigo wa Waliobaki

Panya aliyemfungulia njia Barry Brenner alikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo. Katika figo za wanyama wengi, na zetu pia, vile vifundo vya mishipa ambamo damu huchujwa vimezama ndani kiasi kwamba sindano haivifikii. Lakini kulikuwa na kizazi cha panya waliokuzwa Munich, Ujerumani, ambao baadhi ya vifundo vyao vilikaa juu kabisa, chini tu ya utando wa figo. Ukiweka hadubini unaviona vyekundu, damu ikikimbia ndani yake. Kwa panya mwenyewe hilo halikuwa na maana yoyote. Kwa mtu aliyetaka kujua presha ya ndani ya kifundo ni kiasi gani, hapakuwa na mnyama mwingine wa kumjibu.

Brenner alizaliwa Brooklyn mwaka 1937, akasomea udaktari Pittsburgh, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 alikuwa San Francisco na maabara yake. Vitabu vya wakati huo vilikuwa na namba ya presha hiyo, ila ilikuwa namba ya kukisia: watu walipima kwenye mirija inayofuata, kisha wakapiga hesabu ya kurudi nyuma. Yeye na wenzake, Julia Troy na Terrance Daugharty, wakaamua kuingia mlemle. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi, ubavu unapasuliwa, figo inatolewa nje ikiwa bado imeshikwa na mishipa yake na kuegeshwa kwenye kishikio chini ya taa. Kisha inakuja sindano ya kioo, ncha yake nyembamba kuliko chembe nyekundu ya damu. Inasogezwa kwa skrubu, maana kidole cha binadamu, hata kitulie namna gani, kinatetemeka kupita upana wa kitu kinachotafutwa. Mwaka 1971 wakachapisha jibu: milimita 45 za zebaki hivi, chini ya nusu ya presha ya mishipa mikubwa ya panya yuleyule.

Ni namba isiyosisimua. Mtu angeweza kuuliza, na bila shaka wapo waliouliza, fedha ya umma inatafuta nini ndani ya figo ya panya. Wakati ule Brenner mwenyewe asingeweza kusema kwamba miaka thelathini baadaye kungekuwa na kidonge ambacho mzee wa Tandika, Dar es Salaam, anaandikiwa kwa sababu ya namba hiyo. Kilichokuwepo ni namba moja ya uhakika, na kwa mtu wa maabara namba ya uhakika ni mahali pa kuwekea mguu.

Fumbo lililokuwa likiwasumbua madaktari wa figo wa zama hizo ni hili. Mtu anaugua, figo zinaumia, ugonjwa wenyewe unapita. Labda ilikuwa maambukizi ya utotoni, labda sumu, labda jiwe lililoziba njia ya mkojo na likatolewa. Chanzo kimeondoka. Ikiwa kilichokufa ni kidogo, figo zinaendelea na maisha. Lakini kikipita kiwango fulani, zinashuka tu, mwaka baada ya mwaka, hata kama hakuna kinachozishambulia tena. Ukichora kwenye karatasi unapata mstari unaoteremka, na daktari anaweza kuweka rula juu yake na kubashiri mwezi ambao mgonjwa atahitaji mashine. Ni nani anayeua, ilhali muuaji wa kwanza ameshaondoka?

Jibu la Brenner, alilolifikia akiwa amehamia Boston, katika Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya Brigham, lilikuwa kwamba figo inajiua yenyewe kwa kujituma. Thomas Hostetter na wenzake katika maabara hiyo walichukua panya, wakaondoa figo moja nzima, na ya pili wakaifunga mishipa hadi ikabaki sehemu ndogo tu iliyo hai. Nefroni zilizobaki, yaani vile viwanda vidogo vya kuchuja, kila kimoja na kifundo chake, ambavyo figo moja ya mtu inavyo takriban milioni, hazikulegea. Zilifanya kinyume chake. Kila moja ikaanza kuchuja zaidi ya mara mbili ya kiwango chake. Mishipa ya kuingilia ikafunguka, damu nyingi ikapita, presha ndani ya kifundo ikapanda juu ya ile 45 ambayo sasa ilikuwa inajulikana. Kwa muda mnyama anaonekana mzima. Halafu protini inaanza kuvuja kwenye mkojo, kuta za kifundo zinachakaa, kovu linatokea, kifundo kinakufa. Kikifa, mzigo wake unahamia kwa vilivyobaki, ambavyo sasa ni vichache zaidi.

Makala ya jaribio hilo yalitoka mwaka 1981, na mwaka uliofuata Brenner, pamoja na Timothy Meyer na Hostetter, wakaeleza hoja nzima katika jarida linalosomwa na madaktari wa kawaida, si wa maabara pekee. Nimeyasoma mara kadhaa na kila mara ninachokiona ni ukoo. Kila ukoo unamjua mtoto mmoja aliyepata mshahara. Ada za wadogo zake ni zake, matibabu ya mama ni yake, msiba ukitokea simu ya kwanza ni yake. Watu wanamsifu: huyu ndiye nguzo. Na ni kweli hakuna kinachoharibika mwaka wa kwanza, wala wa tano. Ubora wake ndio unaoficha hatari. Anapoanguka, hakuna anayesema ameuawa na mzigo. Wanasema ameugua ghafla, kisha wanahesabu waliobaki na kuugawa upya.

Niishie hapo na mfano huo, maana figo haina wajomba. Lakini kuna kitu ndani ya hoja ya Brenner ambacho tiba ilikuwa haijazoea kukisema. Tumezoea kuuona ugonjwa kama adui kutoka nje, au kama udhaifu. Yeye alikuwa anasema kwamba ile fidia tunayoifurahia, ule uwezo wa mwili kufunika pengo, ndiyo yenyewe maradhi yanayofuata. Basi daktari hapaswi kuihimiza figo ifanye kazi zaidi. Anapaswa kuipunguzia.

Njia ya kwanza waliyoifikiria ilikuwa chakula. Protini nyingi huifanya figo ichuje zaidi, na panya waliolishwa protini kidogo waliokoka. Kwa binadamu mambo hayakunyooka hivyo: jaribio kubwa la Marekani la wagonjwa 840, lililochapishwa mwaka 1994, lilitoa majibu ambayo kila upande uliweza kuyasoma ulivyotaka. Sisemi ushauri wa chakula hauna maana. Nasema mtu anayeishi kwa ugali na maharage hahitaji kuambiwa apunguze nyama.

Njia ya pili, ya dawa, ndiyo iliyoshika, na jaribio lililoionyesha ni mojawapo ya yale ambayo ningependa yafundishwe hata kwa wanafunzi wasiokusudia kuwa madaktari. Sharon Anderson, Helmut Rennke na Brenner, mwaka 1986, walichukua panya wenye mabaki ya figo na presha ya juu, wakawagawa. Kundi moja halikupewa kitu. La pili lilipewa dawa tatu za presha za siku hizo kwa pamoja. La tatu lilipewa enalaprili. Presha ya mwili ikashuka katika makundi yote mawili yaliyotibiwa, kwa kiwango kilekile. Kwa kipimo cha mkononi, kile tunachofungwa zahanati, makundi hayo yalikuwa sawa na daktari angewapongeza wote. Lakini kundi la dawa tatu figo zake ziliendelea kuharibika kana kwamba halikutibiwa, na kundi la enalaprili likalindwa.

Tofauti ilikuwa kwenye kifundo, na ni sindano ya kioo tu ingeweza kuiona. Kifundo kina mshipa wa kuingilia na mshipa wa kutokea. Mwili una kemikali iitwayo angiotensini inayobana hasa ule wa kutokea, na presha ndani inapanda, kwa sababu damu imeingia na njia ya kutoka ni nyembamba. Zile dawa tatu zilishusha presha ya mwili mzima lakini zikaiacha presha ya ndani ya kifundo ikiwa juu. Enalaprili inazuia angiotensini isitengenezwe, mlango wa nyuma unafunguka, na presha ya ndani inashuka. Dawa za ukoo huu, kwa njia, zilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazil. Wanasayansi waliona sumu hiyo inavyovuruga kemikali za presha, na kutokana na mafunzo hayo ikaja kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Panya wa Munich na nyoka wa Brazil hawakuwahi kuwa na habari za wenzao.

Kutoka panya hadi mtu ni safari ndefu, na ni vizuri iwe ndefu. Mwaka 1993 Edmund Lewis na wenzake walionyesha kwamba kaptoprili iliyopewa wenye kisukari cha aina ya kwanza ilipunguza kwa nusu idadi ya waliokufa, waliofika kwenye mashine au waliohitaji figo ya mtu mwingine. Brenner mwenyewe aliongoza jaribio la losartani, dawa nyingine ya kuizuia angiotensini, kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachojaza kliniki zetu. Walikuwa wagonjwa 1,513 kutoka nchi 28, waliofuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka mitatu, na majibu yakatoka Septemba 2001. Kampuni yenye dawa ndiyo iliyogharamia. Hilo halifutwi na uzuri wa majibu, na msomaji makini analikumbuka kila anaposoma makala ya namna hiyo.

Tazama namba zenyewe. Katika kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa, watu 194 figo zao zilifeli kabisa. Katika kundi la losartani, 147. Magazeti yangeandika asilimia 28, na ndivyo hesabu inavyokuja ikipigwa kitaalamu. Mimi nafikiria tofauti ya namba hizo mbili: watu 47. Katika kundi la losartani wapo watu arobaini na kitu ambao, bila kidonge, wangekuwa wameshaunganishwa na mashine, saa nne kila kikao, mara tatu kwa wiki. Lakini ni akina nani? Hakuna anayeweza kuwataja. Waliopewa losartani bila figo zao kufeli walikuwa zaidi ya 600. Wengi figo zao zisingefeli vyovyote vile kwa muda ule. Wale arobaini na kitu wamejificha katikati yao, na wenyewe hawajijui. Hakuna hata mmoja anayeweza kurudi hospitalini na kuku mkononi kumshukuru daktari.

Ndiyo maana kazi ya namna hii haina mashujaa wa kupigwa picha. Daktari mpasuaji ana mtu aliyeamka. Aliyebuni mashine ana mtu aliyekuwa hajitambui na sasa anaongea. Aliyetumia maisha yake kupunguza presha ndani ya kifundo cha figo ana tukio ambalo halikutokea, kwa mtu asiyejulikana, katika tarehe ambayo haikufika. Brenner alipata heshima zake za kitaaluma, na kitabu kikubwa alichokianzisha na Floyd Rector mwaka 1976, «The Kidney», bado kinachapishwa na ni msingi wa fani. Lakini nje ya fani jina lake halijulikani, na sioni kwamba dunia imemdhulumu. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Mafanikio ya dawa hizo yalileta tamaa, kama kawaida. Ikiwa dawa moja inafungua mlango wa nyuma, kwa nini wagonjwa wasipewe mbili kwa pamoja? Utafiti mmoja uliotoka mwaka 2003 ukasema mbili ni bora, na madaktari duniani wakaanza kuandika mbili. Mwaka 2009 jarida la The Lancet likaufuta utafiti huo kwa sababu haukuaminika. Majaribio mengine makubwa yakaonyesha kwamba kuzichanganya kunapandisha potasiamu na kuziumiza figo zilezile zilizokusudiwa kulindwa. Moja lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Mara nyingi naona tunaeleza sayansi kama ngazi inayopanda tu. Hapa ilishuka, na wapo waliolipa.

Swali jingine la Brenner ndilo linalonigusa zaidi, na aliliuliza mwaka 1988 akiwa na wenzake wawili. Ikiwa kupoteza nefroni ni hatari, vipi kuhusu mtu aliyezaliwa nazo chache? Nefroni hazitengenezwi baada ya mtoto kukomaa tumboni. Zinakamilika kwenye wiki ya 36 ya ujauzito hivi, na sehemu kubwa hutengenezwa katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na kilo mbili kwa sababu mama hakula vizuri au aliugua malaria, anaweza kuanza maisha na akiba ndogo. Hatagundua. Atacheza mpira, ataoa, atafanya kazi. Lakini kila nefroni yake itakuwa inabeba zaidi tangu siku ya kwanza, na huenda presha ya juu itakayompata akiwa na miaka arobaini ilianzia hapo.

Ilikuwa dhana tu, na wapo walioiona imekwenda mbali. Mwaka 2003 wanasayansi wa Ujerumani waliifanyia kazi ya kuhuzunisha. Walipata figo za watu waliokufa kwenye ajali: kumi ambao katika uhai wao walikuwa na presha ya juu, na kumi wengine wasio nayo, wanaolingana nao kwa jinsia, umri, urefu na uzito. Wakahesabu vifundo. Wasio na presha, aliyekuwa katikati ya kundi alikuwa na 1,429,200 katika figo moja. Wenye presha, 702,379. Nusu. Mtu anaweza kubishana kuhusu kipi kilitangulia, lakini mpangilio uliokuwa umetabiriwa miaka kumi na mitano kabla, mezani, kwa hoja tupu, ulikuwa pale.

Kwetu hili halihitaji kukuzwa ili liwe na uzito. Watoto wenye uzito pungufu ni wengi, na siku hizi, kwa bahati njema, wengi wao wanaishi. Njiti aliyelelewa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akavuka, amevuka kweli. Ila amevuka na figo ambazo hakuna atakayezihesabu.

Baada ya losartani palikuwa kimya kwa karibu miaka ishirini. Dawa nyingi zilijaribiwa na kuanguka. Kilichovunja ukimya kilitoka mahali pa ajabu: gome la mzizi wa mtufaha, ambamo wakemia wa Ulaya walipata kitu kichungu mwaka 1835. Kikimezwa, sukari inatoka kwenye mkojo. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, ndugu zake wa maabara, dapagliflozini na wenzake, wakatengenezwa kuwa dawa za kisukari, na madaktari wakashangaa kuona figo zinatulia. Katika jaribio la watu 4,304 lililochapishwa mwaka 2020, dapagliflozini ilipunguza kwa asilimia 39 madhara makubwa yaliyokuwa yakipimwa, na theluthi hivi ya wagonjwa hao hawakuwa na kisukari kabisa. Sehemu ya maelezo ni ileile ya Boston. Dawa hizi zinaipelekea figo ishara kwamba chumvi nyingi inapita, nayo inajibu kwa kubana mshipa wa kuingilia. Zile za zamani zinafungua mlango wa kutokea, hizi zinapunguza wanaoingia. Katikati, kifundo kinapumua.

Na hapa pana jambo linalowachanganya wagonjwa, na wakati mwingine hata wanaowatibu. Ukianza dawa hizi, za zamani au mpya, kipimo cha kriatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinachuja kiasi gani, mara nyingi kinaharibika kidogo katika wiki za mwanzo. Mgonjwa anaona karatasi: mwezi jana figo zilikuwa hapa, sasa zimeshuka. Anaacha dawa, au anaachishwa. Lakini kushuka huko kidogo ndiko kupunguziwa mzigo kwenyewe. Nefroni iliyokuwa inakimbia sasa inatembea, na kwa kuwa inatembea, inachuja kidogo. Baada ya hapo mstari unalala. Aliyekataa dawa anabaki juu kwa miezi michache, kisha anampita mwenzake akishuka. Kushuka kukiwa kukubwa, au potasiamu ikipanda, hiyo ni habari nyingine na daktari lazima aingilie kati, hata ikibidi kwa kusimamisha dawa. Ndiyo sababu damu inapimwa tena baada ya wiki moja au mbili. Mjamzito naye hapewi kabisa dawa hizi. Lakini kumweleza mtu kwamba karatasi mbaya kidogo ni dalili njema kunahitaji dakika kumi, na mpangilio wa kliniki nyingi una dakika tatu.

Niliwahi kusimama kwenye foleni ya duka la dawa nyuma ya mzee mmoja aliyeshika cheti chake kwa mikono miwili. Binti wa dukani alimwamkia, akasoma cheti, akaweka losartani mezani.

«Nipe za wiki mbili, binti yangu.»

«Mzee, daktari amekuandikia za mwezi.»

«Mwezi wa nini? Mimi sisikii kitu.»

«Ndiyo maana umeandikiwa sasa, mzee wangu. Usisubiri usikie.»

Mzee akacheka kidogo, akahesabu noti, akalipia za wiki mbili. Halafu akakumbuka: «Na diklofena ya goti.» Akapewa. Diklofena inabana ule mshipa wa kuingilia ambao figo yenye shida inautegemea, na kumeza dawa hizo mbili pamoja kwa muda mrefu, hasa kama kuna na kidonge cha kukojolea, ni njia inayojulikana ya kuzipeleka figo hospitalini. Binti alikuwa na watu sita nyuma ya mzee, mimi mmojawao, na mimi pia nilikaa kimya, sikuwa na cheo cha kusema.

Mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, ilikuwa habari kubwa na ilistahili. Kenya, kwa miaka kadhaa bima ya taifa ya wakati huo ililipia vikao viwili vya kusafisha damu kwa wiki, na familia nyingi zilipona kufilisika kwa sababu hiyo. Sina neno na mashine. Anayehitaji mashine leo hawezi kusubiri falsafa. Ila nimekwishaona utepe ukikatwa mbele ya mashine za kusafishia damu, na sijawahi kuona ukikatwa mbele ya kopo la vijiti vya kupimia mkojo. Watu wanaokadiriwa kuwa milioni 850 duniani wana ugonjwa wa figo wa namna moja au nyingine. Hakuna nchi itakayonunua mashine za kuwatosha wote watakaofika mwisho. Enalaprili na losartani zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hazina tena hatimiliki, na zinauzwa hata wilayani. Wapo waliosema kwamba dawa hizi haziwafai watu weusi kwa sababu presha yao haishuki vizuri zikitumika peke yake. Utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi 1,094, wenye figo zilizoathiriwa na presha, ulionyesha mwanzoni mwa karne hii kwamba zinalinda figo zao kuliko dawa nyingine zilizolinganishwa nazo. Kipimo cha mkono si kipimo cha kifundo; panya wa mwaka 1986 walishalisema.

Kinachokosekana ni kumjua mtu mapema, na hapo ndipo nafikiria kliniki ya wajawazito. Ni karibu mahali pekee katika mfumo wetu ambapo mtu asiyejisikia mgonjwa anapimwa presha na kuchovewa kijiti kwenye mkojo, akihofiwa kifafa cha mimba. Mama anakutwa na protini, anapata presha ya mimba, anajifungua kabla ya wakati mtoto wa kilo moja na nusu. Wote wawili wanapona. Kwa hesabu ya Brenner, mtoto ana akiba ndogo ya nefroni. Mama naye, utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake waliopata tatizo hilo hatari yao ya figo kufeli miaka ya baadaye ni mara kadhaa ya wenzao. Wiki ya sita baada ya kujifungua anaambiwa yuko salama, anaendelea na chanjo za mtoto, na mkojo wake haupimwi tena mpaka ujauzito mwingine. Kama hakuna mwingine, haupimwi mpaka miguu ivimbe. Kumwita mara moja kwa mwaka kunahitaji daftari ambalo jina lake tayari limo, na kijiti ambacho tayari kiko kwenye droo ya chumba cha pili.